Mzee Machogu na Filamu ya Mwezi

Jumatatu, 9 Machi 1970. Kisii mjini

Filamu imefika leo kwa basi kutoka Nairobi, makopo mawili ya bati, mkanda wa dakika hamsini. Inahusu wale Wamarekani waliotua mwezini Julai mwaka jana. Bwana Onsongo, mkubwa wetu wa ofisi, aliyafungua makopo mwenyewe, akaunusa mkanda kama mtu anayenusa nyama kujua kama ingali nzima, kisha akaniambia, "Obiero, hii si sinema ya kuogesha ng'ombe. Itazunguka kila soko la Gusii mpaka Juni. Ikikatika, na wewe utakatika."

Mchana nilifunga madirisha ya ofisi nikaitazama peke yangu. Chakula cha mchana kilinishinda. Nina miaka thelathini na mmoja, na kwa miaka sita nimeendesha gari la sinema na kuonyesha filamu za kahawa, za vyoo na za chanjo. Sikuwahi kufikiri kwamba mashine yangu hiyo hiyo ingenionyesha dunia yenyewe, imening'inia gizani, ndogo, ya buluu, haijashikiliwa na kitu. Nilitafuta ziwa letu. Sikuliona.

Ninaandika ili nimsimulie mke wangu Syprose nikienda nyumbani Kendu likizoni. Nikitegemea kichwa tu, nitamfikishia nusu.

Jumanne, 10 Machi

Mimi ni mtu wa ziwani. Ekegusii, lugha ya hapa, sikijui zaidi ya salamu. Filamu inazungumza Kiingereza, kwa hiyo nikishaiwasha napunguza sauti ya mashine, na mkalimani anashika kipaza sauti.

Mkalimani wangu ni Mzee Machogu. Ana miaka sitini kasoro kidogo. Alikuwa askari huko Burma wakati wa vita, na kwa miaka kumi na mitano amekuwa sauti ya filamu zote za kilimo katika wilaya hii. Watu hufuata sauti yake kuliko picha. Leo nilimwomba tuitazame filamu pamoja kabla ya kwenda sokoni.

"Bwana Dereva," akasema, "nimetafsiri filamu kabla wewe hujaota ndevu."

Nikayarudisha makopo kabatini.

Ijumaa, 13 Machi. Kiogoro

Onyesho la kwanza. Watu zaidi ya mia nne, wengine juu ya paa la duka. Roketi ilipopaa walicheka, wakashikana mabega. Hilo nililitegemea. Lakini yule mtu wa mwezini alipoinama akachota udongo na kuutia kwenye mfuko, umati mzima ulipiga makofi. Hilo sikulitegemea. Mzee Machogu alizungumza bila kupumua, na kila mara nikasikia neno moja, *amaroba*, *amaroba*.

Garini nilimuuliza amaroba ni nini.

"Udongo."

"Mbona umeutaja sana?"

"Si wameuchota?"

Jumatano, 18 Machi

Mvua. Tumekwama mara mbili.

Alhamisi, 19 Machi

Mvua. Mara tatu. Minyororo ya magurudumu imekatika.

Jumapili, 22 Machi. Itumbe

Tulionyeshea kwenye kituo cha kununulia chai. Filamu ilipokwisha, mkulima mmoja alisimama akauliza swali refu, ameshika kofia mkononi. Mzee Machogu akamjibu kwa jibu refu zaidi. Watu wote wakatikisa vichwa kukubali.

"Ameuliza nini?" nikasema.

"Habari za mbolea."

"Mbolea gani, Mzee, katika filamu ya mwezi?"

"Mbolea tu."

Akaenda kukunja kitambaa cha picha. Huwa hakunji kitambaa. Hiyo ni kazi yangu.

Jumapili, 29 Machi

Pasaka. Misa, kisha nililala mchana kutwa.

Alhamisi, 2 Aprili. Magwagwa

Nimejua.

Baada ya onyesho alinijia mwanamke mmoja mwenye mwavuli, akajitambulisha kwa Kiswahili safi kwamba yeye ni Mwalimu Nyanchera, anafundisha darasa la sita hapa Magwagwa. Alingoja Mzee Machogu aende kunywa chai hotelini, ndipo akaniuliza kwa sauti ya chini, "Bwana Obiero, wewe unajua anachosema huyu mzee?"

Nikasema sijui.

"Anasema wale ni maofisa wa kilimo. Wametumwa kupima udongo wa mwezini kama ule wa mashamba yetu unavyopimwa, na majibu yakija mazuri, serikali itafungua makazi mapya kule, kama ilivyofungua Borabu kwenye mashamba ya zamani ya Wazungu. Ile nyumba ya chuma yenye miguu minne anasema ni ofisi ya kugawia viwanja."

Nilicheka. Mwalimu hakucheka.

"Kuna watu hapa," akasema, "wanaolala wakihesabu mistari ya mahindi waliyogawiwa badala ya shamba. Wao hawakusikia mzaha."

Ijumaa, 3 Aprili. Magwagwa

Asubuhi nilikuwa nakaza nati za gurudumu nilipoona miguu ya mwanamke imesimama kando yangu, imejaa matope mpaka magotini. Alikuwa mama wa miaka hamsini hivi, amefunga kitenge kipya, na mkononi ana karatasi iliyokunjwa ndani ya nailoni. Alisema maneno mengi. Nilichoshika ni jina lake tu, Gesare. Nikamtuma mtu amwite Mwalimu Nyanchera.

Mwalimu alipofika, akasikiliza, uso ukamgeuka.

"Anasema mume wake alifariki mwaka juzi, na shemeji yake amelichukua shamba lote isipokuwa pale penye nyumba. Ana watoto watano. Hiyo karatasi ni barua ya kanisa inayothibitisha tabia yake. Amekuja mapema ili jina lake liandikwe la kwanza." Mwalimu alimtazama Gesare. "Anauliza kama kule juu wanawapokea wajane, au mpaka uwe na mwanamume."

Sikujua niweke wapi ile spana. Gesare alinitazama mimi, si Mwalimu, kwa sababu mimi ndiye mwenye gari la serikali. Alikuwa amepaka mafuta usoni. Alikuwa amejiandaa.

Nikamwomba Mwalimu amwambie kwamba mimi siandiki majina. Gesare akauliza, nani anaandika? Mwalimu akamjibu jambo ambalo hakunitafsiria, akamshika mkono, wakaondoka pamoja polepole. Karatasi ile Gesare aliitia kifuani.

Mzee Machogu alikuwa amesimama mlangoni mwa hoteli na kikombe chake. Alikuwa ameona yote. Tulipofika kilima cha kwanza nikasimamisha gari katikati ya barabara.

"Mzee, kwa nini?"

Alitazama mvua kwenye kioo. Nilidhani atanitukana. Akasema, "Kiingereza chao kinapita kama maji. Kwenye filamu za chai sihitaji Kiingereza, chai naijua. Hii sikushika hata neno moja. Nimesimama mbele ya watu mia nne na kipaza sauti mkononi, ningesema nini? Halafu nikaona mtu anachota udongo, anautia mfukoni. Hiyo naijua. Nikaanzia hapo."

"Na Borabu?"

"Watu walipiga makofi," akasema. "Ukipigiwa makofi unaendelea."

Kisha, baada ya kona mbili, "Yule mama alitaka nini?"

Nikamwambia. Akageuza uso dirishani mpaka Kisii.

Jumanne, 7 Aprili. Kisii mjini

Habari zimemfikia Bwana Onsongo. Bwana shamba wa Kiogoro amelalamika kwamba wakulima watatu wamekataa miche ya chai, eti wanangoja mashamba ya juu.

"Wewe ulikuwapo," Bwana Onsongo akaniambia. "Machogu alisema nini?"

"Mimi sijui Ekegusii, bwana."

Ni kweli, na ni uongo. Alinitazama kama anayejua yote mawili.

"Basi mimi nakijua. Jumapili tarehe kumi na tisa mtakuwa Magwagwa, nami nitakuja kukaa nyuma ya watu nisikilize. Kama ni kweli, arudi kwake akalime. Serikali haiwezi kuwa na mdomo unaojisemea."

Mwezi mmoja uliopita ningefurahi kupewa mkalimani kijana. Leo sikupenda.

Jumamosi, 11 Aprili. Magwagwa

Tumekuja wiki nzima mapema. Nilimwandikia Mwalimu Nyanchera kuomba msaada wa kumfundisha Mzee filamu hii, naye akajibu kwa mistari miwili: shule imefungwa, darasa lake lipo wazi, blanketi za kuziba madirisha zitapatikana kwa baba mkwe wake. Huyo ni Mzee Nyamongo, mzee wa kanisa la Wasabato na mwenyekiti wa shule. Tunalala kwake. Kwa kuwa leo ni Sabato hatukugusa kitu mpaka jua lilipozama. Alipotufungulia darasa aliniuliza swali moja tu.

"Katika hiyo filamu, wanasema hakuna Mungu?"

"Hapana, mzee. Hawasemi."

"Basi blanketi zipo."

Redio imesema Wamarekani wengine watatu wanaondoka leo kwenda mwezini. Wanaondoka kama watu wa basi la Kisumu.

Jumapili, 12 Aprili

Mwanafunzi mgumu kuliko wote ni mzee aliyezoea kufundisha. Ninaizima filamu kila dakika mbili, ninamweleza kwa Kiswahili, Mwalimu Nyanchera anakipima Ekegusii chake. Saa nzima tumebishana juu ya hewa. Nilimwambia mwezini hakuna hewa, akatafsiri. Mwalimu akasema, "Umesema hakuna upepo. Watadhani ni siku tulivu."

Mzee Machogu akatoka nje kwa hasira. Akarudi baada ya nusu saa, ameloa.

"Nitasema ni mahali ambapo kiberiti hakiwaki," akasema. "Hata ukipiga njiti zote."

Mwalimu akaketi kwenye dawati la mbele kabisa, akaandika maneno hayo.

Jumatatu, 13 Aprili

Mto umelibeba daraja. Hata tungetaka kuondoka tusingeweza.

Jumanne, 14 Aprili

Mchana tulikuwa darasani, Mzee Nyamongo akaja mwenyewe mbio mbio, mtu wa miaka sabini, anatuita tuje kwenye redio yake. Chombo cha wale watatu kimepata hitilafu njiani. Kitu kimepasuka. Hawatui tena mwezini, na haijulikani kama watarudi.

Tulisimama sebuleni kwake tukiangalia ile redio kana kwamba ingetuonyesha kitu. Mzee Machogu alikuwa wa kwanza kusema.

"Wako umbali gani na nyumbani?"

Nikamwambia.

"Hakuna wa kuwasukuma," akasema. Tangu Machi tumesukuma gari letu pamoja siku nyingi.

Jumatano, 15 Aprili

Wamezunguka nyuma ya mwezi wanarudi. Wameingia katika kile chombo cha kutulia, wanakaa humo kwa sababu kikubwa kimekufa. Mzee Machogu sasa ananiuliza maswali kuliko ninavyoweza kujibu. Kwa nini wasigeuke tu? Wanakula nini? Kama mashine imezimwa, wanaona joto au baridi? Nikamwambia redio inasema baridi. Usiku alivua koti lake la jeshi akalining'iniza ukutani badala ya kujifunika. Akalala na baridi.

Alhamisi, 16 Aprili

Mazoezi. Leo alifika mwisho wa mkanda wa kwanza bila kosa. Mvua.

Ijumaa, 17 Aprili

Ilitangazwa kwamba wataanguka baharini saa tatu usiku, au wataungua hewani. Sabato inaanza jua likizama, na katika nyumba hii jua likizama redio huzimwa hadi kesho jioni. Wote tulijua hivyo tangu asubuhi na hakuna aliyesema.

Saa kumi na mbili na nusu familia ilikusanyika. Redio ilikuwa ikizungumza. Mzee Nyamongo alisimama kando yake, mkono juu ya kitufe, akasikiliza sentensi iliyokuwa inasemwa mpaka ikaisha. Kisha akazima. Akafungua Biblia. Katika sala aliwataja wagonjwa wa kijiji, kisha akasema maneno ambayo Mwalimu Nyanchera alinieleza baadaye: "Na wale watatu, Bwana, ambao hatujui majina ya mama zao."

Mimi ni Mkatoliki, na Mzee Machogu pia, ingawa kanisani huonekana Krismasi. Baada ya chakula nikasema naenda kutazama gari kama maji hayajaingia. Mzee Machogu akasema atanisaidia kutazama. Mwenyeji wetu hakuinua macho.

Sokoni palikuwa na giza na matope. Tulijifungia garini, nikawasha redio yangu ndogo, nikaitafuta London katikati ya mikwaruzo. Kiingereza kilikuwa kinakuja na kupotea. Walisema chombo kimeingia katika hewa ya dunia na mawasiliano yamekatika. Dakika zikapita. Nikamtafsiria: wanaita, hawajibiwi. Wanaita tena. Mzee Machogu alishika dashibodi kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa nimeacha kupumua, najua hivyo kwa sababu kioo cha upande wangu kilikuwa kimekauka na cha upande wake kilikuwa na ukungu.

Sauti ikarudi, haraka sana, watu wanapiga kelele nyuma yake. Mimi mwenyewe sikushika. Ni Mzee Machogu aliyeruka kitini.

"Parachuti! Amesema parachuti! Amesema tatu!"

"Una hakika?"

"Nimeona parachuti Burma, nimeokota chakula chini yake miaka miwili, nitasahau neno hilo? Zimefunguka, Obiero! Zimefunguka!"

Ni mara ya kwanza kuniita kwa jina. Tuliketi pale tukicheka kama walevi, matone yakipiga bati juu yetu, mpaka redio iliposema wako majini na wako hai.

Tuliporudi, Mzee Nyamongo alikuwa kwenye baraza, amejifunika shuka.

"Mvua imewapiga," akasema.

"Ndiyo, mzee."

Akainua taa ya chemni kidogo, akatutazama usoni, kwanza mimi, kisha Machogu. Akaishusha.

"Sikuwauliza kitu," akasema.

"Hapana, mzee. Hukuuliza."

"Laleni salama." Na alipokuwa anaingia ndani nikasikia anaimba wimbo wa kanisa kwa sauti ya chini, wa haraka, si wa kulalia.

Jumapili, 19 Aprili

Tangu mchana watu walikuwa wakiingia. Njia ya chini imetengenezwa kwa magogo, na Bwana Onsongo alipita juu yake saa kumi na moja, viatu vimechafuka, hasira tele. Akakaa nyuma kabisa kama alivyosema. Gesare alikuwa mbele, na kile kitenge kipya. Mwalimu Nyanchera alisimama karibu na mashine yangu ili anitafsirie.

Tulikuwa tumefanya mazoezi ya filamu. Hatukuwa tumefanya mazoezi ya kile alichokifanya. Nilipoinua mkono kumwashiria kwamba naanza, Mzee Machogu alikataa kwa kichwa. Akaweka mdomo kwenye kipaza sauti.

"Ndugu zangu," Mwalimu alininong'onezea, "mnanijua. Wiki mbili zilizopita nilisimama hapa hapa nikawaambia serikali inapima udongo wa mwezini ili iwagawie mashamba. Niliyatunga. Kiingereza cha filamu hii sikukielewa, nikaona haya kusema. Kule hakuna maji. Kule kiberiti hakiwaki. Hakuna shamba la mtu yeyote."

Mtu akapiga kelele pembeni. "Anasema arudi kwake," Mwalimu akaninong'oneza. Wengine wakacheka kwa ubaya. Nilitazama nyuma, Bwana Onsongo alikuwa amesimama. Nikadhani yamekwisha.

Gesare naye alisimama. Hakupaza sauti, ila watu walinyamaza ili wamsikie.

"Anauliza," Mwalimu akasema, "kama hakuna kitu huko, walifuata nini?"

Mzee Machogu hakuwa amefanyia mazoezi swali hilo. Alinitazama. Akamgeukia tena.

"Mama Gesare, kaa kwanza, nikuonyeshe walichokiona. Ukiona hakina maana, uje unipige kofi mbele ya watu hawa."

Nikawasha mashine.

Hajawahi kusema vile. Alisema taratibu, akiacha picha ipumue. Roketi, akaeleza moto ule ni wa nini. Kutua, akasema mafuta yalikuwa yamebaki ya kuchemsha chai tu, nikacheka maana si mimi niliyemfundisha hivyo. Na picha ilipofika ile ya dunia gizani akanyamaza kabisa kwa muda, mpaka watu wakaanza kumtazama yeye badala ya kitambaa.

"Pale," akasema, "ndipo tulipo. Wewe Gesare upo pale. Mimi mwongo nipo pale. Na shemeji yako aliyekunyang'anya shamba, naye pia yumo, na mipaka yake yote ukiitafuta huioni."

Mama mmoja akacheka, Gesare akacheka, na kicheko kikapita sokoni kote, tofauti na kile cha kwanza. Kuna wanaume wawili walioondoka mapema. Niliambiwa mmoja alikuwa ndiye shemeji.

Baadaye Bwana Onsongo aliingia garini kwangu, akafunga mlango, akakaa.

"Nilikuja na barua mfukoni," akasema. "Ya kumwachisha."

Akaigusa pale mfukoni.

"Bado ninayo. Mtarudi Kiogoro, Itumbe, kila mahali mlipopita. Atasema maneno yale yale ya leo, ya kwanza kabisa, kabla ya picha. Akiruka soko moja, barua inatoka." Akafungua mlango, akaufunga tena. "Na yule mama mwambieni aje ofisini. Borabu kuna viwanja vilivyoachwa, orodha inafunguliwa Mei. Hawakatazi wajane. Ni kwamba tu hawaambiwi."

Alhamisi, 30 Aprili. Kiogoro

Alisema. Walimzomea, kisha wakatulia wakatazama. Wakulima wale watatu hawakuja, lakini bwana shamba amesema mmoja amechukua miche.

Ijumaa, 8 Mei

Soko la nne. Kila mara kabla ya kupanda kwenye kiti chake hukagua kipaza sauti mara mbili, na kila mara anapanda. Ninafikiri juu ya zile hukumu nilizompa moyoni mwezi wa Machi, mzee mwenye kiburi, mzee anayenidharau. Sikuwa nimemwona.

Jumatano, 20 Mei

Nimempeleka Gesare kwenye mahojiano ya viwanja. Mwalimu Nyanchera alikuja naye. Kwenye benchi wanaume ishirini na wanawake wawili. Akaingia peke yake, akatoka baada ya dakika kumi.

"Wamemuuliza ana nani wa kumsaidia kulima," Mwalimu akaniambia. "Amewaonyesha mikono."

Alhamisi, 28 Mei

Orodha imebandikwa. Viwanja kumi na sita, majina kumi na sita. La kumi na nne ni Gesare. Bwana Onsongo aliisoma mara mbili kwa kidole kisha akaniambia nichukue gari nikampelekee habari, na nisiendeshe kama mwendawazimu. Niliendesha kama mwendawazimu. Alikuwa anapalilia kipande chake cha mahindi nyuma ya nyumba. Nilimwambia mwenyewe, kwa Ekegusii changu cha kuokotaokota, na akanirekebisha neno moja kabla ya kuanza kulia.

Jumapili, 7 Juni. Itumbe

Onyesho la mwisho. Kesho makopo yanarudi Nairobi.

Wachumaji chai walikuja moja kwa moja kutoka kanisani na mashambani, wengine na vikapu mgongoni. Mvua zimepungua, mbingu ilikuwa safi. Mzee Machogu alisema maungamo yake, hakuna aliyezomea, kisha tukaanza. Na chombo kilipokuwa kinashuka kutua, mkanda ukakatika. Mwanga mweupe kwenye kitambaa, halafu giza, maana nilizima taa usije ukaungua.

Nilipiga magoti na tochi mdomoni, nikatafuta wembe na gundi. Vidole vilikuwa baridi, kiungo cha kwanza hakikushika. Nilikuwa nangojea minong'ono ya watu wanaoinuka kwenda zao. Haikuja. Mzee Machogu alikuwa hajanyamaza. Bila picha, gizani, aliendelea kusimulia: taa ya hatari inawaka, rubani anaona mawe chini, anavuka mawe, anatafuta mahali tambarare, mafuta yanakwisha, vumbi linaruka, mguu mmoja umegusa. Alitua. Alifungua mlango. Alishuka ngazi, kipandio kwa kipandio, na umati mzima ukashuka naye, hakuna mtoto aliyelia.

Nikakata upya, nikapaka gundi, nikahesabu mpaka thelathini nikiwa nimebana mkanda, na ndipo nilipogundua kwamba Mwalimu Nyanchera hayupo Itumbe. Hakuna mtu aliyekuwa ananitafsiria. Nilikuwa nimemfuata mzee tangu mkanda ulipokatika, neno kwa neno, kwa lugha yake.

Niliwasha taa. Picha ikarudi, mtu akiwa kwenye kipandio cha mwisho, na watu wa Itumbe wakampigia makofi kama mgeni waliyekuwa wakimngojea.